Dira iko mfukoni, lakini tuutazame mlima kwanza

KATIKA likizo ya Aprili nilialikwa Naitiri, eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, niwe shahidi wa jambo ambalo mtu mwenye busara huliepuka akipata udhuru. Ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, walikuwa wakigawana shamba la marehemu baba yao. Mzee huyo alikuwa ameacha maagizo mepesi: mpaka uanzie kwenye mkaratusi mkubwa ulio kando ya njia, uelekee kaskazini moja kwa moja hadi kwenye kijito, mwendo wa mita 200 hivi. Upande wa magharibi ungekuwa wa mwana mkubwa. Upande wa mashariki ungekuwa wa mdogo wake.

Yule mdogo ni kijana msomi, anayesomea ualimu. Alitoa simu yake mfukoni, akafungua programu ya dira, na ili mkono usimtetemeke akailaza simu ile, pamoja na kava lake, juu ya nguzo ya chuma ya ua wa seng'enge. Mshale ulizunguka, ukatulia. Kamba ikavutwa kuufuata. Kadiri kamba ilivyosonga mbele ndivyo uso wa kaka yake ulivyozidi kukunjamana, maana mpaka ulikuwa ukielemea magharibi na kuingia katika fungu lake.

Maneno makali yalianza kurushwa. Mmoja alidai kuibiwa mchana kweupe. Mwingine akajibu kwamba sayansi haina upendeleo. Ndipo mzee mmoja jirani, aliyekuwa ameketi kivulini kimya muda wote huo, aliposimama na kuuliza kwa upole, "Wanangu, hebu niambieni, tangu lini Masaba ukawa mbele yetu namna hiyo? Mimi nikisimama hapa nikaelekea kaskazini, mlima huwa kwenye bega langu la kushoto."

Sote tuligeuka tukatazama. Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, kaskazini-magharibi ya Naitiri. Ila kwa mujibu wa simu ile, ulikuwa umesogea ukakaribia kutukabili. Kijana aliiondoa simu juu ya nguzo, akalivua kava, ambalo lilifungwa kwa kipande kidogo cha sumaku, akaenda kusimama katikati ya shamba, mbali na ua. Mshale ukahama kwa zaidi ya digrii 10.

Digrii 10 si kitu machoni pa mtu anayetafuta njia ya kwenda sokoni. Lakini katika mpaka wa mita 200, upotofu wa digrii 10 huuhamisha mwisho wa mpaka kwa mita 35. Pembetatu inayopatikana baina ya mstari wa haki na mstari wa makosa ni zaidi ya robo tatu ya ekari. Ndugu wamekwisha kupelekana mahakamani, na hata kutoana damu, kwa kipande kidogo kuliko hicho.

Sikuyasimulia haya ili nimseme kijana yule. Alikuwa mnyofu, wala hakukusudia hila. Nimeyasimulia kwa sababu mimi ni mwalimu, na nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile nilijiuliza swali ambalo ningependa walimu wenzangu na wanafunzi wajiulize: imekuwaje kijana aliyefaulu somo la jiografia, na aliyesoma habari za sumaku katika fizikia, akashindwa kutambua kwamba chombo alichokishika kinamdanganya, ilhali mzee asiyemiliki simu ya aina hiyo alitambua mara moja?

Jibu langu ni kwamba tumewapa vijana wetu chombo bila ya kuwapa maarifa ya kukihoji. Na tiba yake si kuwanyang'anya chombo hicho. Ni kukileta darasani, kukifungua kwa maelezo, na kukipima kwa mlima, kwa jua na kwa sindano ya kushonea.

Tuanze na maelezo. Ndani ya simu nyingi za kisasa mna kijidude kidogo kuliko punje ya mtama, kiitwacho kihisi cha sumaku. Simu za kwanza za namna hii zenye dira zilianza kuuzwa mwaka wa 2008 na 2009. Hamna mshale wala sindano inayozunguka humo. Picha ya mshale unayoiona kwenye kioo ni mchoro tu, uliochorwa baada ya hesabu kufanywa.

Vingi vya vihisi hivyo hutumia jambo lililogunduliwa na Mmarekani Edwin Hall mwaka wa 1879. Hall alionyesha kwamba umeme unaopita katika bamba jembamba la madini husukumwa upande mmoja endapo bamba hilo litawekwa penye nguvu za sumaku, na msukumo huo huzaa volteji ndogo inayoweza kupimwa. Nguvu za sumaku zikizidi, volteji nayo huzidi. Simu hupima hivyo katika pande tatu: upana, urefu na kina. Kisha kihisi kingine, kinachojua upande wa chini ni upi kwa kupima mvuto wa dunia, huieleza simu imeinamishwa kiasi gani. Kutokana na vipimo hivyo viwili, simu hukokotoa upande wa kaskazini.

Sumaku inayopimwa ni ya dunia yenyewe. Mchina Shen Kuo aliandika mwaka wa 1088 kuhusu sindano iliyosuguliwa kwa sumaku, akabainisha kwamba haielekei kusini kamili bali huchepuka kidogo. Mwingereza William Gilbert naye alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1600 kwamba dunia nzima ni sumaku moja kubwa. Lakini sumaku hiyo kubwa ni dhaifu mno pale tulipo. Duniani kote, nguvu zake juu ya ardhi huwa baina ya maikrotesla 25 na 65 hivi. Naitiri, Kitale na Bungoma, ambako tuko karibu na ikweta, nguvu hizo ni maikrotesla 33 au 34 tu. Ile sumaku ya kufungia kava la simu, au ile iliyomo ndani ya spika ya simu yenyewe, huzishinda nguvu hizo mara nyingi sana. Hii ndiyo siri ya kisa cha ndugu wale wawili. Kihisi hakikuharibika. Kilipima sawasawa kile kilichokuwa karibu nacho, na kilichokuwa karibu nacho kilikuwa kava na nguzo ya chuma.

Mhandisi aliyeiunda simu anaijua sumaku ya spika, na simu hufundishwa kuitoa katika hesabu. Ndiyo sababu programu ya dira wakati mwingine humwomba mtu aizungushe simu hewani kwa umbo la tarakimu 8. Watu wengi hudhani huo ni mchezo. Kumbe kwa kuzungushwa huko kihisi huonja nguvu za sumaku kutoka kila upande, kikatenganisha zile zinazozunguka pamoja na simu, ambazo ni zake mwenyewe, na zile zinazobaki palepale, ambazo ni za dunia. Hata hivyo, nguzo ya chuma, paa la mabati, pikipiki ya bodaboda au nondo zilizomo ndani ya sakafu ya saruji hazizunguki na simu. Hizo haziwezi kuondolewa kwa tarakimu 8. Dawa yake ni kusogea mbali nazo.

Sasa natuje kwenye jambo ambalo kila mwanafunzi wa jiografia amelikariri na ni wachache waliolishika. Ramani za mizani ya 1:50,000 zitolewazo na Idara ya Upimaji ya Kenya, kama ile ya Kitale ambayo imewahi kutumiwa katika mtihani wa KCSE, huonyesha kaskazini tatu: kaskazini halisi, kaskazini ya gridi na kaskazini ya sumaku. Mwanafunzi huzichora, akapata alama zake, akafunga kitabu. Kumbe simu iliyomo mfukoni mwa mwalimu wake hukabiliana na swali hilo hilo kila inapofunguliwa. Kihisi chake kinaijua kaskazini ya sumaku peke yake. Ili iipate kaskazini halisi, simu hulazimika kujua iko wapi duniani, kisha ifungue jedwali la michepuko. Jedwali linalotumiwa zaidi huandaliwa na wataalamu wa Marekani na Uingereza na kufanywa upya kila baada ya miaka mitano. Lililopo sasa lilitolewa mwishoni mwa mwaka wa 2024.

Kwa nini lifanywe upya? Kwa sababu ncha ya kaskazini ya sumaku haitulii. James Clark Ross aliifikia kaskazini mwa Kanada mwaka wa 1831. Leo imekwisha kuvuka bahari ya barafu ikielekea Siberia, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikisafiri zaidi ya kilomita 30 kwa mwaka. Kwa bahati njema, katika sehemu zetu za Magharibi ya Kenya mchepuko ni mdogo, haufiki digrii 3. Kwa msafiri si kitu. Lakini hata digrii 2 tu, katika mpaka wa mita 200, ni mita 7. Na ikiwa marehemu baba alisema "kaskazini," alimaanisha kaskazini ipi?

Liko jambo jingine ambalo vitabu vyetu vingi havilitaji, kwa kuwa viliandikwa na watu wa nchi za mbali. Mshale wa dira huelekea kaskazini na papo hapo huinama. Ulaya, ncha yake ya kaskazini huvutwa chini. Kwetu mambo ni kinyume. Ikweta ya sumaku, yaani mahali ambapo mshale hulala sawa bila ya kuinama, hupita Ethiopia, kaskazini yetu. Sisi tulio kusini mwa mstari huo huona ncha ya kusini ndiyo inayoshuka, na katika eneo la Kitale na Bungoma mwinamo huo ni kama digrii 20. Dira zitengenezwazo kwa ajili ya Ulaya huongezwa uzito kidogo upande wa kusini wa mshale ili ziwe sawa huko. Zikiletwa hapa, uzito ule pamoja na mwinamo wetu huuvuta mshale chini hadi ukakwaruza sakafu ya dira. Mwalimu asiyejua hili hudhani ameuziwa dira mbovu. Simu haina taabu hiyo, maana hupima pande zote tatu na kufanya hesabu. Haki ya simu nayo tuitaje.

Basi ni vipi tutamfundisha mwanafunzi kuihoji simu? Napendekeza vipimo vinne ambavyo shule yoyote ya Naitiri, Kamukuywa au Kiminini inaweza kuvifanya pasipo gharama.

Kipimo cha kwanza ni cha namba. Programu nyingi za kusomea vihisi, na baadhi yake ni za bure, huonyesha nguvu za sumaku kwa maikrotesla. Hapa kwetu namba hiyo yapasa kuwa karibu na 33 au 34. Ikiwa ni 60, au 100, au 20, simu inakuambia kwa kinywa chake kwamba kuna chuma au sumaku jirani, na kwamba mshale wake usiaminiwe. Mwanafunzi atembee na simu kutoka uwanjani hadi karibu na lango la chuma, aandike namba kila baada ya hatua moja, kisha achore grafu. Hilo ni somo zima la fizikia.

Kipimo cha pili ni cha jua. Simika kijiti wima uwanjani asubuhi, kama saa tatu hivi. Tia alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chora duara ambalo kitovu chake ni kijiti na ukingo wake unapita kwenye alama hiyo. Alasiri, ncha ya kivuli itakapougusa ukingo wa duara kwa upande wa pili, tia alama tena. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ndio mashariki na magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ndio kaskazini na kusini, nayo ni kaskazini halisi, si ya sumaku. Naitiri iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huanguka kusini na mwezi wa Desemba huanguka kaskazini. Hapo mwanafunzi ataona pia kwa nini si salama kusema tu kwamba jua huchomoza mashariki. Huchomoza mashariki kamili Machi na Septemba pekee. Juni na Desemba hupotoka kwa zaidi ya digrii 23.

Kipimo cha tatu ni cha sindano. Chukua sindano ya kushonea, uisugue mara nyingi kwa upande mmoja kwa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, uilaze juu ya jani jepesi linaloelea katika beseni la plastiki, si la bati. Itajizungusha yenyewe na kutulia. Weka simu mbali na beseni, ulinganishe. Naona kipimo hiki ndicho chenye faida zaidi, kwa sababu si kila simu ina kihisi cha sumaku. Nyingi za bei nafuu hazinacho, kwani waundaji hukiacha ili kupunguza gharama. Simu kama hizo huweza kukuonyesha ulipo kwa msaada wa setilaiti, lakini haziwezi kukuambia umeelekea wapi mpaka utembee. Mtu akisimama palepale huku akiamini mshale wa simu isiyo na kihisi, anaamini mchoro mtupu.

Kipimo cha nne ni cha mlima. Ukiwa Naitiri, Elgon uko kaskazini-magharibi, vilima vya Cherangani viko kaskazini-mashariki, Kitale iko kaskazini ikielemea mashariki kidogo, na mji wa Bungoma uko kusini-magharibi. Kila mwanafunzi achore alama hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kama mabaharia wa pwani walivyozijua nyota zao na majabali yao. Angalizo moja tu: ukiupanda Elgon wenyewe na kuiweka dira juu ya mwamba, usishangae mshale ukiyumba. Mlima ule ulijengwa na volkeno, na miamba ya volkeno aghalabu huwa na madini ya chuma.

Walimu wa Kiswahili nao wasidhani makala haya hayawahusu. Kaskazini na kusini ni maneno tuliyoyapata kutokana na pepo mbili, kaskazi na kusi, ambazo ziliwapeleka na kuwarudisha mabaharia wa pwani yetu kwa karne nyingi. Mtoto wa Naitiri ambaye hajapata kuiona bahari hutaja upepo wa bahari kila anaposoma ramani. Mashariki na magharibi tulipewa na lugha ya Kiarabu, na asili yake ni kuchomoza na kuzama kwa jua. Lugha yetu imeyahifadhi mambo ambayo vijana wanahitaji kuyaona tena kwa macho yao: upepo na jua vilikuwa dira kabla ya dira.

Najua pingamizi litakalotolewa. Simu, watasema, imeleta utovu wa nidhamu, na shule nyingi zimempiga mwanafunzi marufuku kuwa nayo. Sina haja ya kubishana na marufuku hiyo. Sikusema kila mwanafunzi awe na simu. Nimesema simu moja ya mwalimu, sindano moja, kijiti kimoja na beseni moja vyatosha darasa zima. Mtaala wa umilisi unahimiza mafunzo ya vitendo kwa vifaa vilivyopo karibu, na sioni kifaa kilicho karibu kuliko hiki. Tukikataa kukifundisha darasani, mwanafunzi atakutana nacho shambani, kama alivyokutana nacho yule kijana, na hapo mwalimu wake atakuwa kaka mwenye hasira.

Na kuhusu mashamba, nisieleweke vibaya. Hata simu iliyo sahihi, iliyovuliwa kava na kuzungushwa kwa tarakimu 8 katikati ya uwanja, haigeuki kuwa mpimaji ardhi. Mashamba ya skimu katika sehemu za Tongaren yalipimwa, yakawekewa mawe ya mpaka, na ramani zake zipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 yampa Msajili wa Ardhi kazi ya kuamua mzozo wa mpaka kabla ya mahakama kuusikiliza. Simu hukupa wazo la mahali pa kuanzia; haina mamlaka ya kung'oa ua wa mtu.

Ndugu wale wawili, kwa heri yao, waliivuta kamba upya, mara hii kwa kuanzia kwenye mkaratusi huku mzee akisimama nyuma yao na bega lake la kushoto likiutazama Masaba. Kisha wakakubaliana kwamba mstari ule ni wa muda, na kwamba mpimaji ataitwa baada ya mavuno, gharama wagawane. Kijana alibaki ameishika simu mkononi, akaligeuzageuza lile kava kama mtu aliyelikuta leo. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona hatukufundishwa hili?"

Sikuwa na la kumjibu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tumewafundisha watoto msala bila ya kuwaonyesha mbacha. Muhula ujao nitaanza kwa kijiti uwanjani, saa tatu asubuhi. Simu yangu nitaiweka mfukoni hadi kivuli kitakapokuwa kimeugusa ukingo wa duara mara ya pili.